Barua kwa mwanangu anayekwenda kufanya kazi na wafungwa waliopiga wake zao

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa utulivu. Unauliza, ukiingia gerezani kuendesha darasa la wanaume waliofungwa kwa ukatili wa nyumbani, uanzie wapi. Anza na mwanamke ambaye hayumo darasani. Wanaume utakaa nao miezi, utawazoea, utajua nani kafiwa na nani mtoto wake anaumwa. Yule mwanamke huenda usimwone hata siku moja, na kazi yote ni kwa ajili yake. Mfungwa akiwa mpole, akajibu vizuri na kushukuru kila kikao, bado hujajua kama umefanikiwa. Kipimo ni usalama wa mke, wa watoto, na wa mwanamke mwingine yeyote atakayeishi naye akitoka. Uamuzi wowote ukikutatiza, upime kwa hilo.

Kazini utasikia hata wakubwa wako wakiliita darasa la hasira. Usikubali. Mwanamume anayempiga mkewe mara nyingi hampigi bosi wake, wala askari, na humo gerezani utamwona akinyamaza kimya mbele ya mfungwa anayemzidi nguvu. Kujizuia anajua. Ukimfundisha kuvuta pumzi na kuhesabu mpaka kumi, umemsaidia kutulia, lakini hujaigusa imani yake kwamba yeye ndiye wa kuamua mke aende wapi, aongee na nani, ashike pesa kiasi gani. Hilo ndilo waliloliona wale wa Duluth, mji wa Minnesota huko Marekani, walioanza mpango wao wa kukabili ukatili wa nyumbani mwaka 1981, Ellen Pence na Michael Paymar wakiwa miongoni mwao. Mwaka 1984 likachorwa gurudumu la mamlaka na udhibiti, mchoro wa mbinu anazotumia mpigaji kumtawala mwenzake, kutokana na maelezo ya wanawake waliopigwa. Lina sehemu nane ndani: vitisho, kutia hofu, kudhalilisha, kumtenga na watu, kukana na kulaumu, kutumia watoto, kujipa ubwana, na kubana pesa. Kipigo na ukatili wa kingono viko ukingoni, vinazishikilia zote nane. Uingereza na Wales ziliingiza udhibiti wa aina hiyo katika sheria ya jinai mwaka 2015, hata pasipo kipigo.

Lakini usilifanye gurudumu kuwa msahafu. Mtafiti Julia Babcock na wenzake walipokusanya tafiti 22 mwaka 2004, walikuta programu hizi, za mtindo wowote, zina athari ndogo tu kwa kiwango cha kurudia kosa. Nakuambia usije ukamwahidi mtu yeyote kwamba darasa linaponya. Kinachoongeza uzito ni kuoanisha kazi na kiwango cha hatari ya mtu, kushughulikia ulevi wake sambamba, na kuwa na gereza, mahakama na waangalizi wa nje, yaani maofisa wanaomsimamia mtu akishatoka, wanaochukua hatua siku ileile mtu anapokiuka masharti.

Na usikubali kamwe kuwaweka yeye na mke katika kikao kimoja cha usuluhishi, hata ndugu wa pande zote mbili wakikuomba. Mke atasema ukweli mbele yako, kisha ataulipia baadaye.

Kabla mtu hajaingia darasani, soma jalada lake lote kwanza, ndipo umwone. Soma maelezo ya polisi, ripoti ya daktari, hukumu, amri za zuio, na hata kesi zilizofutwa kwa sababu mlalamikaji hakutokea. Ukianza na yeye, simulizi yake ndiyo itakayokaa kichwani, na jalada utalisoma kwa macho yake. Halafu, kabla ya swali la kwanza, mweleze mipaka ya siri na asaini: ukisikia mpango wa kumdhuru mtu, mtoto anayeumizwa, nia ya kujiua, au jambo la usalama wa gereza, utaripoti. Usipoyasema haya mapema, siku utakayoripoti atasema umemsaliti, na darasa zima litafunga midomo.

Sasa nikuonyeshe kazi yenyewe. Siku ya kueleza kosa lake, mwanamume atasema hivi: "Tulizozana, nikamsukuma kidogo, akaanguka." Ripoti ya daktari inasema kifundo cha mkono kilivunjika na kuna michubuko shingoni. Katika maelezo yake hamna mkono, hamna mlango, hamna mtoto. Usibishane naye, maana ukibishana atajichimbia, na wenzake watamhurumia. Usitikise kichwa kama unayemwelewa, maana atadhani mmekubaliana. Usimuulize "kwa nini", kwa kuwa swali hilo linamfungulia ghala la visingizio: pombe, wivu, mama mkwe. Uliza nini, wapi na vipi. Ulikuwa umesimama wapi? Yeye je? Mlango ulikuwa nyuma ya nani? Ulitumia mkono gani, ukamgusa wapi? Alisema nini? Alipoacha kusema, wewe ulifanya nini? Simu yake ilikuwa kwa nani? Mtoto alikuwa chumba gani, na alisikia nini? Dakika tano zilizofuata ulifanya nini, na nani aliita msaada?

Atakimbilia aliyoyafanya mke. Mwambie kwa sauti ileile, "Hayo ni yake. Turudi kwenye mkono wako." Itachukua vikao kadhaa. Ukifika, utasikia maneno ya namna hii: "Nilisimama mlangoni ili asitoke. Nilimshika koo kwa mkono wa kulia. Alipotaka kupiga simu nikaikanyaga. Binti yangu alikuwa chini ya meza." Hapo ndipo unapoanza kufundisha, kwa sababu sasa kuna vitendo, na kila kitendo kina mahali ambapo angeweza kufanya kingine. Rudini nyuma hatua moja moja. Alijiambia nini kabla ya kwenda mlangoni? Alitaka kupata nini? Alikipata? Wengi hukiri kwamba walikipata: mke alinyamaza. Usiliruke jibu hilo kwa kuwa linauma. Kipigo kinaendelea kwa sababu kinampa mpigaji anachotaka, na asipoliona hilo atakuambia mpaka mwisho kwamba alipitiwa.

Darasa liwe la watu wanane hadi kumi na wawili, dakika 90 hadi 120, wawezeshaji wawili, ikiwezekana mwanamume na mwanamke. Wawezeshaji wakae upande wa mlango. Tazama wanavyomtendea mwezeshaji mwanamke: nani anamkatiza, nani anamjibu mwenzake wa kiume swali lililoulizwa na yeye. Hilo lishughulikie palepale, ndilo somo lenyewe limeingia chumbani bila kuitwa. Usichanganye wenye hatari ndogo na wenye hatari kubwa. Wale wa kwanza wataondoka na mbinu ambazo hawakuwa nazo. Wanawake wafungwa waliowajeruhi waume zao wasiletwe humu kabisa. Wengi wao walipigwa miaka kabla hawajapiga, nao wanahitaji tathmini yao wenyewe.

Muda ni tatizo la kila gereza. Sheria ya California, kwa wanaotumikia kifungo cha nje, inadai angalau mwaka mzima wa vikao vya kila wiki, saa mbili kila kimoja. Gerezani mtu huhamishwa, huugua, huitwa mahakamani. Kwa hiyo hesabu kutoka tarehe ya kuachiwa kurudi nyuma, na umwandikishe mapema. Anayeacha katikati usimfute kwenye orodha ukaendelea na wengine. Walioacha programu ni miongoni mwa wanaorudia zaidi, basi taarifa yake iende siku hiyohiyo kwa anayesimamia kesi.

Kuhusu hatari, jifunze vyombo vya kuipimia, vyenye maswali na alama zilizopangwa, usitegemee hisia zako. Kuna ODARA ya Ontario, Kanada, inayopima uwezekano wa mtu kumpiga tena mwenza wake, yenye vipengele 13, ambayo polisi wanaweza kuijaza kutokana na jalada. Kuna dodoso la mtafiti Jacquelyn Campbell la kupima hatari ya mwanamke kuuawa, lenye maswali 20, ambalo mwanamke mwenyewe huulizwa, baada ya kuweka alama kwenye kalenda ya mwaka uliopita siku zote alizopigwa. Kalenda hiyo ina maana kubwa: akiziona siku zimejipanga, mara nyingi anagundua zimeanza kukaribiana. Dalili zinazopaswa kukunyima usingizi ni hizi: kumkaba koo, silaha ya moto mikononi mwake, kutishia kuua, kumbaka, kumpiga akiwa mjamzito, kumfuatilia kila aendako, kutishia kujiua, na mke kuwa ameondoka au anataka kuondoka. Kukaba koo kunadharauliwa kwa sababu mara nyingi hakuachi alama. Mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache. Utafiti uliotoka mwaka 2008 ulionyesha kwamba aliyewahi kukabwa na mwenza wake ana uwezekano wa takriban mara saba zaidi wa kuuawa naye baadaye. Ukikuta kwenye jalada "alimshika shingo", simama hapo, uliza, andika.

Tathmini ya siku ya kwanza huchakaa. Irudie anapopokea karatasi za talaka, kesi ya malezi ya watoto inapoanza, anaposikia mke ana mtu mwingine, na tarehe ya kutoka inapokaribia.

Usidhani ukuta wa gereza umemtenga naye. Atapiga kwa namba ya mfungwa mwenzake, atamtuma mama yake, atamwambia mtoto, "Mwambie mama nimebadilika." Ndiyo sababu barua ya kuomba radhi, hata ukiitumia kama zoezi, haitoki nje ya jalada. Mikononi mwa mke barua hiyo ni kamba ya kumvutia arudi. Na hapa kuna jambo ambalo ukilikosea mtu anaweza kufa. Mwanamke azungumze na mtu mwingine, mtetezi wa manusura, asizungumze na wewe. Akisema mumewe alipiga simu na kumtishia, usilipeleke darasani hata kwa fumbo. Mwanamume atajua mara moja limetoka wapi. Wape watu wa usalama, wasikilize simu zilizorekodiwa, ushahidi upatikane kwa njia yao, ndipo aulizwe. Tena asiulizwe kabla mtetezi hajamwarifu mwanamke kwamba jambo liko mbioni na kuhakikisha yuko mahali salama.

Katika kumbukumbu zako acha sifa, andika vitendo. "Ameonyesha mabadiliko makubwa" ni maneno ambayo bodi ya msamaha itayasoma kama dhamana yako. Andika hivi: "Amehudhuria vikao 24 kati ya 26. Katika kikao cha 9 alisema mke alijiangusha. Katika kikao cha 19 alieleza kwamba alimkaba koo, na akataja kuwa mtoto alikuwepo. Mwezi uliofuata alipatikana akitumia namba ya mfungwa mwingine kumpigia mke, kinyume cha amri ya zuio." Sentensi hizo nne zinamweleza kuliko ukurasa wa sifa. Cheti anachopewa kiseme amehudhuria. Kisiseme yuko salama.

Nawe ujiangalie. Mwombe msimamizi wako akae nyuma ya darasa, au asikilize kikao kilichorekodiwa, angalau mara moja kwa mwezi. Kuchoka si dalili mbaya kuliko zote. Mbaya zaidi ni pale unapoanza kukereka na wake wanaotajwa katika simulizi, ukawaza kimoyomoyo kwamba huyu naye alikuwa mkorofi. Siku hiyo umeshahamia upande wa pili bila kujua. Nenda kasome upya ripoti ya daktari.

Miezi mitatu kabla ya mtu kutoka, kaa na mwangalizi wa nje na mtetezi wa manusura. Atalala wapi, na ni umbali gani kutoka kwa mke na shule ya watoto? Amri ya zuio inaisha lini? Kama inaisha kabla hajatoka, nani anakwenda mahakamani kuomba nyingine? Silaha alizokuwa nazo ziko kwa nani? Mara nyingi ziko kwa kaka yake. Darasa la nje linaanza tarehe gani? Iwe ndani ya wiki ya kwanza, kwa sababu wiki hizo za mwanzo ndizo atakazokwenda kugonga mlango. Mwanamke aambiwe tarehe kamili mapema, na aambiwe tena ikibadilika, hata ikibadilika asubuhi ileile. Kwenye jalada usiandike "ofisi itamjulisha". Andika jina la atakayempigia, namba anayoitumia mwanamke sasa, saa salama ya kumpigia, na jina la wa pili endapo wa kwanza atakuwa likizo.

Wasalimie wenzako. Ukishapewa majalada ya kwanza niandikie, nitakujibu swali kwa swali.

Mama yako