Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Picha za Wavuvi wa Newhaven na Majina Yao

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaomalizika. Sehemu kubwa ya mwaka tumeitumia katika jambo mliloliidhinisha wenyewe kwenye Mkutano Mkuu uliopita, yaani kuzisoma picha za kale za watu wa Newhaven, kijiji cha wavuvi kilichokwisha kumezwa na jiji hili la Edinburgh tunamoishi wengi wetu. Kwa sababu hiyo, taarifa yangu itakaa hapo zaidi kuliko penginepo.

Picha hizo zilipigwa katika miaka ya 1840 na mchoraji David Octavius Hill akishirikiana na Robert Adamson, kijana aliyekuwa amejifunza uhandisi. Kilichowakutanisha ni mgawanyiko wa Kanisa la Uskoti. Tarehe 18 Mei 1843 wachungaji wengi waliuacha mkutano mkuu wa kanisa hilo wakaanzisha Kanisa Huru, na Hill akakusudia kuwaweka wote katika mchoro mmoja mkubwa. Mwanasayansi David Brewster ndiye aliyemshauri azipate sura zao kwa njia ya picha. Mchoro ulikuja kukamilika mwaka 1866, ila ushirika wao haukungoja. Kwenye nyumba iitwayo Rock House, katika kilima cha Calton, walitengeneza picha zipatazo 3,000 kabla Adamson hajafariki mwezi Januari 1848, akiwa na umri wa miaka 26 tu. Jessie Mann, mwanamke aliyekuwa msaidizi wao, anastahili kutajwa kila wanapotajwa wao, na ninawashukuru wanachama waliosisitiza kwamba jina lake liingie katika maelezo yetu.

Njia waliyoitumia ni kalotipu, iliyobuniwa na William Henry Fox Talbot. Hataza yake, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuitumia bila idhini, ilihusu Uingereza yenyewe (England) na haikufika Uskoti, hivyo huku watu waliitumia kwa uhuru. Karatasi ilipakwa kemikali zenye madini ya fedha, ikaangazwa ndani ya kamera, ikasafishwa ikawa hasi, yaani picha ambayo penye mwanga huonekana peusi na penye kivuli huonekana peupe, na kutokana na hasi hiyo nakala zikatolewa kwenye karatasi nyingine iliyotiwa chumvi. Nyuzi za karatasi ziliulainisha mstari na kuyaficha baadhi ya mambo madogo madogo ya sura, jambo ambalo Hill hakuliona kuwa dosari. Aliandika kwamba huko kutolingana kwa karatasi ndiko uhai wenyewe wa picha. Nalo jua lilihitajika kwa wingi, na mtu alipaswa kutulia kwa muda bila kutikisika. Ninayaeleza haya kwa sababu yanabadilisha namna ya kuwatazama watu wa Newhaven: wanapoegemea mashua au kuegemeana, tusidhani ni mapambo ya mchoraji peke yake, kwani mwili unahitaji tegemeo ili utulie.

Katika picha inayojulikana kuliko nyingine, Elizabeth Johnstone Hall amesimama na matenga yake, macho ameyainamisha. Sandy Linton ameegemea mashua, na watoto wake wameketi chini kando yake, miguu mitupu. Yumo Willie Liston akiutengeneza mshipi wake wa kuvulia, wamo Jeanie Wilson na Annie Linton, na yumo mtoto wa kiume aliyevalia suruali kubwa ya mtu mzima. Wanawake hawa walikuwa nguzo ya uchumi wa kijiji. Wanaume walipokuwa baharini, wao walitia chambo kwenye ndoana, na samaki walipofika waliwabeba hadi Edinburgh, tenga likiwa mgongoni na mkanda wake umepita kwenye paji la uso, wakauza nyumba hadi nyumba na kurudi na fedha za kuendeshea familia. Sisi tuliokulia pwani tunaijua biashara hiyo, na labda ndiyo maana mikutano yetu ya kuzitazama picha hizi ilichukua muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu.

Lililotugusa zaidi ni majina. Watu wengi wa Newhaven katika picha hizi wanajulikana kwa majina yao, na wanawake walioolewa wanatajwa pia kwa majina ya koo walikozaliwa, kiasi kwamba mtu anaweza kuona akina Johnstone, Linton na Finlay walivyoungana kwa ndoa. Wavuvi hao wakapigwa picha kwa uangalifu uleule waliopewa wachungaji na wasomi wa mjini. Mwaka 1844 Hill na Adamson walitangaza hata mpango wa kutoa kitabu kizima cha wavuvi na wanawake wa hori la Forth, ingawa hakikutoka. Linganisheni na kazi ya Thomas Annan, aliyepiga picha vichochoro vya Glasgow kati ya 1868 na 1871 kabla havijabomolewa. Ni kazi nzuri sana, lakini shabaha yake ilikuwa majengo. Watu waliosimama humo, baadhi yao wakiwa kama vivuli kwa sababu walisogea kabla picha haijakamilika, hawana majina. Mimi nawatazama kwa huzuni, maana kila mmoja wao alikuwa na jina aliloitwa asubuhi ile.

Kuhusu fedha, ada zilizokusanywa zimetosha matumizi ya mwaka, na mweka hazina atasoma hesabu kamili baada yangu. Wenye malimbikizo wanaombwa kuyamaliza.

Kutokana na kazi ya mwaka huu, Kamati ya Utendaji inaleta hoja moja. Albamu za chama zina picha nyingi za wazee wetu waliotangulia kufika katika jiji hili, za arusi, za Idi na Krismasi, za mazishi na za watoto ambao sasa ni watu wazima, na nyingi kati yake hazina maandishi yoyote. Wanaoweza kuwatambua waliomo bado wako nasi, lakini umri umekwenda. Tunapendekeza kuundwa kwa kamati ndogo itakayowatembelea wazee hao majumbani mwao, iandike kwa penseli laini nyuma ya kila picha jina la mtu, jina la ukoo alikozaliwa, mahali na mwaka, na iombe ridhaa ya familia kabla picha yoyote haijaoneshwa hadharani. Pale wazee wawili watakapotofautiana, kauli zote mbili ziandikwe, kila moja pamoja na jina la aliyeitoa.

Ninauomba mkutano uipokee taarifa hii na kuipigia kura hoja hiyo kabla hatujaingia katika uchaguzi wa viongozi.

Mwenyekiti