Shukrani kwa Fundi Wangu wa Malindi

Kwako mzee wangu, fundi uliyeniomba nisilitaje jina lako, natoa shukrani zangu hadharani kwa kunifundisha kuchonga njia za hewa na moshi katika silinda hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha injini chenye valvu, kazi ninayoifanya kwa mapenzi tu baada ya saa za ajira. Ulinitafutia hedi kuukuu ya pikapu, ukaipasua kwa msumeno, ukanionyesha jinsi ukuta wa njia ya hewa ulivyo mwembamba pale yanapopita maji ya kupozea injini. Tangu hapo najua mahali pa kuizuia tupa. Ulinifunza pia, na hili ndilo ninalolithamini zaidi, kwamba njia ikipanuliwa kupita kiasi kasi ya hewa hupungua, na injini hukosa nguvu inapozunguka polepole. Kwamba faida kubwa hupatikana chini kidogo ya kiti cha valvu, yaani pale valvu inapokalia ikijifunga, kwenye kona ambako hewa hupinda. Uliniongoza kwa subira, hata mwezi wa Ramadhani, bila kudai hata senti. Mwenyezi Mungu akujaalie afya njema na umri mrefu, mzee wangu.