Neno lisilo la kundi: barua kwa mwalimu mwenzangu

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Nimefurahi sana kusikia kwamba wanafunzi wako wapya wa Kiswahili, wale utakaowafundisha kwa mtandao, utawaanzishia mazoezi ya kutafuta neno lisilo la kundi. Zoezi hili huonekana jepesi, kwa hiyo wengi hulitunga haraka haraka: mwanafunzi anabofya, kompyuta inasema "sahihi", na mwalimu hajui kama mtu yule ameelewa au amebahatisha. Kwa machaguo manne, anayebahatisha tu ana nafasi ya asilimia 25. Katika maswali manane atapata wastani wa mawili bila kujua lolote.

Anza na kanuni kabla ya maneno. Iandike kwa sentensi moja juu ya karatasi: "Majina ya watu yanayoanza na ki- hufuata upatanisho wa A-WA." (Yaani kijana anakuja, vijana wanakuja.) Kisha tafuta maneno matatu yanayoitii: kijana, kinyozi, kipofu. Neno la nne ndilo lenye kazi, na hapo usione uvivu kufikiri. Weka kitabu. Linaanza na ki-, wingi wake una vi-, lina silabi tatu kama wenzake, ila tunasema kijana huyu na kitabu hiki. Ukiweka meza badala ya kitabu, mwanafunzi atalinasa kwa herufi ya kwanza na upatanisho hatauwaza kabisa. Neno geni lifanane na wenzake kwa kila kitu, isipokuwa kile unachokifundisha.

Vitenzi vina utajiri mkubwa kwa kazi hii. Ukifundisha kauli ya kutendwa, jaribu: fungwa, pikwa, nunuliwa, chelewa. Yote yanaishia na -wa, lakini hakuna mtu anayemfanyia mwingine kitendo cha "kuchela" ndipo mwenzake achelewe. Katika Kiswahili cha leo chelewa ni kitenzi kinachojitegemea. Kwa kauli ya kutendesha, chukua rusha, chosha, amsha, bisha. Matatu ya kwanza yametoka kwa ruka, choka na amka. Bisha halikutoka kwa "bika". Mwanafunzi aliyekariri kwamba -sha ni kutendesha atakwama hapa, na kukwama huko ndiko unakokutaka, kwa sababu kunamlazimisha arudi kwenye mzizi.

Ukishapata seti, ipime kabla hujaipenda. Chora jedwali: maneno manne kwenye safu, na juu andika maana, ngeli, wingi, idadi ya silabi, mwanzo wa neno na mwisho wake. Jaza kila kisanduku. Halafu jifanye mbishi: kwa kila neno jiulize kama mtu mwenye akili anaweza kulitetea kuwa ndilo jibu. Seti kama shati, gauni, sketi, soksi inapendeza machoni, lakini jedwali litakuonyesha kwamba shati na gauni ni LI-YA (shati hili, mashati haya), sketi na soksi ni I-ZI (sketi hii, sketi hizi). Wawili kwa wawili, hakuna jibu. Ndizi, papai, nanasi, chungwa ni bora zaidi: yote ni matunda, kwa hiyo maana haisaidii, na ndizi pekee ndilo la I-ZI. Hapo usilitie embe badala ya papai. Kuna wanaosema embe hili, maembe haya, na Pwani utasikia embe hii, embe hizi. Mwanafunzi aliyeishi Mombasa atakuwa na haki ya kulalamika.

Hata seti nzuri huharibika kwa swali lisilo wazi. "Lipi si la kundi?" peke yake humwacha mtu aseme nanasi, kwa sababu lina majani kichwani, na hatakuwa amekosea. Unapofundisha sarufi, taja kigezo: "Ukiangalia wingi, neno lipi ni tofauti?" Mfano: jino, jicho, jiko, jina. Meno, macho, meko, lakini majina. Kigezo kikitajwa jibu ni moja, na ubishi unaobaki ni ule wenye faida.

Sasa sababu. Usikubali jibu lisilo na sababu, na ulipe alama kwa mizani hiyo: alama 1 kwa kuchagua, 2 kwa kueleza. Kwa wanaoanza wape kiunzi cha sentensi wakijaze: "Tofauti ni ___, kwa sababu ___, lakini mengine ___." Kwenye seti ya kijana na kitabu, atakayesema "kitabu si mtu" amefika nusu ya njia tu. Mtake aongeze -zuri kwa maneno yote manne, mpaka aandike mwenyewe kijana mzuri na kitabu kizuri. Hapo ndipo upatanisho unaonekana.

Kwenye kipindi cha moja kwa moja, toa sekunde 60 hadi 90 za ukimya kwa kila seti. Waambie waandike jibu kwenye chati bila kulituma, uhesabu moja, mbili, tatu, ndipo wote watume kwa pamoja. Bila hivyo mwepesi mmoja hujibu na wengine humfuata. Kura za WhatsApp zina tatizo hilo hilo, maana kikundini kwa kawaida kila mtu anaona nani kachagua nini. Kama darasa lako liko huko, waombe wakujibu faraghani. Kisha wagawe watatu watatu katika vyumba vidogo kwa dakika nne wakubaliane sababu. Wawili huishia kukubaliana upesi mno, na wakiwa watano mmoja hunyamaza.

Kwa mazoezi ya nyumbani yanayosahihishwa na kompyuta kuna mitego ya kiufundi. Watungaji wengi huliweka neno geni mwisho bila kujua, na wanafunzi huligundua hilo mapema. Kwa hiyo washa mpangilio wa kuchanganya machaguo. Ukishauwasha, mrejesho wako usiseme "jibu ni C", kwa maana C ya huyu si C ya yule. Litaje neno lenyewe. Chaguo la "hakuna jibu" nalo liondoe, litajikuta katikati ya orodha. Na pale wanapochapa jibu wenyewe, kumbuka ng'ombe: baadhi ya simu huweka alama ya ritifaa iliyopinda, nyingine iliyonyooka, na kompyuta huyaona kama maneno mawili. Weka tahajia zote mbili kwenye orodha ya majibu sahihi, la sivyo utamkosesha mtu aliyepata.

Ritifaa hiyo inanikumbusha mazoezi ya kusikiliza, ambayo wengi huyasahau. Rekodi maneno manne, kila moja sekunde mbili: ng'ombe, ng'ambo, ng'ara, ngoma. Mwanafunzi asiye na masikio ya ng' bado atayasikia yote sawa, na hapo utajua pa kuanzia. Fanya vivyo hivyo kwa ghali, ghafla, gharama, gari. Rekodi yote kwa kikao kimoja, umbali ule ule kutoka kwenye maikrofoni, kwa sababu neno lililorekodiwa siku nyingine husikika tofauti hata kabla halijatamkwa. Na majina ya faili yawe sauti1, sauti2, sauti3, sauti4. Faili liitwalo "ngoma" limeshatoa jibu.

Picha nazo zina sheria kama hiyo. Ama zote ziwe za kuchorwa, ama zote za kamera, ukubwa mmoja na usuli mmoja. Picha moja ya kamera kati ya michoro mitatu itachaguliwa na kila mtu. Usitegemee rangi kama kigezo pekee, wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Zibane ziwe nyepesi, chini ya kilobaiti 100 kila moja, kwa ajili ya wanaotumia bando la simu.

Idadi? Seti nane zinatosha kwa kipindi. Mbili za mwanzo ziwe za maana tu, kwa maneno yote waliyokwisha kujifunza. Mchicha, kisamvu, matembele, dengu ni seti safi kwa mtu aliyekulia kwetu, ila kwa mgeni asiyewahi kuyasikia ni bahati nasibu. Nne za kati ziwe za kanuni ya siku hiyo. Mbili za mwisho ziache wazi, ambapo kila neno linaweza kuwa jibu: kuku, kiboko, kifaru, kijiko. Kijiko si mnyama. Kuku hana vi- kwenye wingi. Kiboko hushinda majini. Kifaru ana pembe. Hapa alama zitolewe kwa sababu peke yake, na utashangaa jinsi wanyamavu wanavyoongea.

Wiki ya pili wape kazi ya kutunga wenyewe, seti mbili kila mtu pamoja na jedwali lake. Mwanafunzi anayeweza kuchagua neno geni linalofanana na mengine matatu ameishika kanuni kuliko yule anayelitambua, na wewe utajipatia akiba ya maswali kwa kundi lijalo.

Nitumie seti zako nane za kwanza pamoja na jedwali, siku mbili kabla ya kipindi. Nitajaribu kutetea kila jibu lisilo sahihi kwa nguvu zangu zote, na yale nitakayofaulu kuyatetea tutayabadilisha pamoja.

Wasalimie wote.

Akupendaye,
Mwalimu mwenzako