Mwanaidi, hiyo presha ya Zuhura

Kisauni, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam aleikum. Goti la mama lishapoa? Ujumbe wako kuhusu mimba ya Zuhura nimeusoma mara tatu, nikaona bora nikuandikie uwasomee wote hapo nyumbani.

Presha 148/96, mimba wiki ya 30, na protini kwenye mkojo. Hiyo si chumvi, si hasira za Juma, wala si kijicho. Ni dalili za awali za kifafa cha mimba, na mzizi wake uko kwenye kondo la nyuma. Mimba ikiwa changa, seli za kondo huingia ndani ya mishipa midogo iliyojisokota ya tumbo la uzazi, zikaondoa misuli yake, mishipa ikapanuka na kubaki wazi. Kazi hiyo isipokamilika, mishipa hubaki myembamba na yenye kubana. Chukua mpira wa maji hapo uani, ubane mdomo kwa kidole gumba: maji yanaruka kwa kasi, ndoo haijai upesi, na mchanga yanapopiga unachimbika. Damu nayo huvipiga hivyo hivyo vijidole vya kondo, na mtoto anapata haba.

Kondo likikosa oksijeni humwaga protini iitwayo sFlt-1 kwenye damu ya mama. Hiyo hunasa vichocheo vinavyotunza utando wa ndani wa mishipa, basi mishipa ya mwili mzima inabana, presha inapanda. Inavuja, uso unajaa. Figo nazo zinapitisha protini. Ndiyo maana anaweza kukaa barazani akicheka huku figo zinaumia. "Siumwi" yake isiwatulize.

Kesho asubuhi arudi kliniki, wampime presha tena na damu. Mkimpima nyumbani, kwanza apumzike dakika 5, akae ameegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hudanganya, husoma juu. Ikifika 160/110, au kichwa kikauma sana, macho yakaona giza, au maumivu chini ya mbavu za kulia, msingoje kuche. Vukeni feri saa hiyo hiyo mwende hospitali. Huko kuna magnesiamu ya kuzuia degedege.

Na mama, tafadhali, asimgawie vidonge vyake vya presha. Kama ni enalaprili, vinadhuru figo za mtoto. Zuhura anahitaji methildopa au nifedipini, kwa kipimo cha daktari.

Tiba yenyewe ni kondo kutoka. Lakini hata akishajifungua presha yaweza kupanda, kwa hiyo asiachwe bila kupimwa wiki zile za mwanzo.

Sasa niambie: uso umejaa, au ni miguu tu? Mtoto anacheza kama kawaida? Alipewa aspirini ya kinga mapema? Nani ana gari usiku hapo kwenu? Na kijitabu cha kliniki kiko wapi, si kwa Bi Khadija tena?

Nijibu kesho kabla ya adhuhuri.

Wako,
Rukia