Siku 10, miji minane: mpango wa Japani wenye kasoro

Bwana Mhariri,

Hapa Lubumbashi kunazunguka karatasi ya safari ya Japani: siku 10, miji minane. Tokyo, Nikko, Hakone, Nagoya, Kyoto, Nara, Osaka, Kobe, kisha kurudi Tokyo kupanda ndege. Inavutia, maana majina ni mengi na bei ni moja. Lakini aliyeipanga alihesabu miji, hakuhesabu valizi. Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji wanaoweka akiba kwa safari hiyo mahali inapovunjika, na namna ya kuipanga upya.

Nianze na saa, na nitaziandika kama zilivyo kwenye tiketi za huko. Hoteli nyingi za Japani humtoa mgeni saa 10:00 au 11:00, na hazimpi mwingine chumba kabla ya 15:00. Kila unapohama mji, unakaa muda wa saa nne au tano bila chumba, valizi mkononi, hata kama treni yenyewe inachukua nusu saa tu. Ukihama mara nane ndani ya siku 10 umepoteza zaidi ya saa 30 kwenye vituo na mapokezi. Na kuhama kwenyewe hakuna haja: kutoka Kyoto kwenda Osaka kwa treni ya haraka ya JR, yaani kampuni za reli za Japani, ni kama dakika 30, kwenda Nara dakika 45 hivi, na Kobe iko mbele kidogo ya Osaka. Hiyo yote ni ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, mzigo umebaki Kyoto. Nikko vivyo hivyo, ni kama saa mbili kutoka kituo cha Asakusa mjini Tokyo. Kwa hiyo swali la kwanza si utaona wapi, ni utalala wapi.

Kwa usiku 10, mpango unaosimama ni huu: Tokyo 4, Kyoto 3, Hiroshima 2, Osaka 1, kisha ndege kutoka uwanja wa Kansai. Ukiwa na usiku 12, ongeza mmoja Hakone katikati ya Tokyo na Kyoto, na mmoja Kyoto. Vituo vyote viko kwenye reli moja inayoelekea magharibi, na unarudi nyuma mara moja tu, kutoka Hiroshima hadi Osaka. Tiketi ya ndege iombwe ya kuingilia Tokyo na kutokea Osaka. Ikiwa shirika litakalokutoa uwanja wetu wa Luano linakurudisha kwa Narita tu, uwanja wa Tokyo, geuza mpango: siku ya pili shuka moja kwa moja hadi Hiroshima, panda taratibu kupitia Kyoto, na Tokyo iwe ya mwisho. Hapo kuchelewa kokote njiani hakukukoseshi ndege.

Naona ajabu kwamba karatasi ile imeiacha Hiroshima, tena imeandikwa Katanga. Urani iliyoingia katika bomu la atomiki lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, pale karibu na Likasi. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilikuwa imekwisha kupeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York mwaka 1940. Mtu wa Lubumbashi anayefika Japani na kupita bila kusimama hapo ameacha kitu kinachomhusu kuliko mnara wowote wa Tokyo. Makumbusho ya Amani kiingilio chake ni yeni 200, na yanataka saa mbili au tatu bila kukimbizwa. Kuna wanaouza Hiroshima kama matembezi ya siku moja kutoka Kyoto, pamoja na kisiwa cha Miyajima. Shinkansen, ile treni ya mwendo kasi, inachukua kama saa 1 na dakika 40 kila upande. Kisha Miyajima inataka treni ya karibu nusu saa na kivuko cha dakika 10, tena ile torii kubwa, lango la hekalu, inaonekana imesimama majini wakati maji yamejaa tu. Mambo hayo mawili hayaingii siku moja. Ndiyo maana nimeandika usiku mbili: siku ya mji, na siku ya kisiwa kwa kufuata ratiba ya maji kujaa na kupwa.

Sasa treni. Ushauri wa zamani ulikuwa kununua JR Pass, pasi ya treni za JR ya nchi nzima. Hadi Septemba 2023 ya siku 7 ilikuwa yeni 29,650, na ilimfaa karibu kila mtu. Oktoba 2023 ikapanda hadi 50,000, ya siku 14 ikawa 80,000. Piga hesabu ya tiketi za kawaida kwa Nozomi, Shinkansen ya haraka zaidi: Tokyo hadi Kyoto yeni 14,000 na ushee, Kyoto hadi Hiroshima kati ya 11,000 na 12,000, Hiroshima hadi Tokyo karibu 20,000. Jumla haifiki 47,000, na huo ni mzunguko mzima. Mwenye Pass kwanza ataongeza karibu 5,000 ili apande Nozomi hadi Kyoto, la sivyo achukue Hikari inayochelewa kidogo. Anayetokea Osaka atafanya vizuri zaidi: anunue tiketi moja ya Tokyo hadi Kyoto, kisha pasi ya JR West inayoitwa Kansai-Hiroshima Area Pass, siku 5 mfululizo, yeni 17,000. Hiyo inabeba Shinkansen kati ya Shin-Osaka na Hiroshima, Nozomi ikiwemo, kivuko cha JR cha Miyajima, na treni ya Haruka hadi uwanja wa Kansai. Angalia jambo moja linalowaangusha wengi: haibebi Shinkansen kati ya Kyoto na Shin-Osaka, kwa sababu kipande hicho ni cha kampuni nyingine, JR Central. Kutoka Kyoto panda treni ya kawaida hadi Shin-Osaka, ndipo uingie Shinkansen. Pasi ianze siku ya kuondoka Kyoto, si siku ya kufika.

Anayepitia Hakone ajue kwamba Nozomi haisimami Odawara, kituo cha kushukia kwenda Hakone. Kodama, Shinkansen za kila kituo, zote husimama, Hikari chache tu. Atafute saa ya hiyo Hikari kwanza, ndipo apange asubuhi yake. Na akilala kwenye ryokan, nyumba ya wageni ya Kijapani, chakula cha jioni huandaliwa saa 18:00 au 19:00. Ukifika 20:00 umelipia chakula usichokula.

Mzigo nao una kanuni. Kwenye Shinkansen za Tokaido, Sanyo na Kyushu, valizi ambayo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 inataka kiti chenye nafasi yake nyuma. Ukikiomba unapokata tiketi hulipi nyongeza. Usipokiomba ni yeni 1,000 ndani ya treni. Valizi ya kipimo cha ndege, sentimita 158, inapona. Ila njia iliyo bora ni takkyubin, huduma ya kusafirisha mizigo: unaacha valizi mapokezini Tokyo asubuhi, kesho yake iko hoteli ya Kyoto, kwa yeni 2,000 hadi 3,000 hivi. Ukipitia Hakone usiende na valizi kubwa kabisa, yale mabasi ya mlimani hayana pa kuiweka. Beba begi la usiku mmoja.

Familia zetu hazifanani na vyumba vyao. Chumba cha watu wawili mara nyingi ni cha mita za mraba 15 au pungufu, na hoteli itakataa mtu wa tatu asiyeandikwa. Baba, mama na watoto wanne wahesabu vyumba viwili au vitatu tangu mwanzo. Kwenye treni mtoto wa chini ya miaka 6 halipi kama hana kiti chake, wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu.

Viza ndipo karatasi ya miji minane inapogharimu zaidi. Ubalozi wa Japani uko Kinshasa. Miongoni mwa hati zinazotakiwa ni ratiba ya kukaa: kila tarehe, utafanya nini, utalala wapi, pamoja na anwani na simu ya hoteli. Tarehe ya kwanza ni ya kutua Japani, si ya kuondoka Luano; tuko nyuma yao kwa saa 7, na safari inakula angalau usiku mmoja. Anayekosea hapo hoteli yake ya kwanza haikubaliani na tiketi ya ndege. Mwenye miji minane ana hoteli nane za kulinganisha na tarehe, na akibadilisha moja zote zinahama. Mwenye miji minne anaandika mara nne, na mistari iliyobaki anaandika kwamba ni kama hapo juu. Ombi likikataliwa, kwa kawaida halipokelewi tena kwa sababu ileile kabla ya miezi 6. Likipokelewa bila tatizo ni siku 5 za kazi, lakini likihitaji kuchunguzwa zaidi linaweza kupita mwezi. Viza ya kuingia mara moja hudumu miezi 3 tangu kutolewa na hairefushwi. Kwa hiyo weka nafasi za hoteli zinazofutika bila malipo, na tiketi ya ndege iwe imewekwa nafasi tu, usiilipe mpaka viza itoke.

Majira: likizo kubwa ya watoto wetu, Julai na Agosti, ni wakati mgumu huko. Unaondoka kwenye baridi ya hapa, unatua kwenye joto la digrii 35 lenye unyevu. Katikati ya Agosti ni sikukuu ya Obon, Wajapani wenyewe wanarudi vijijini, treni zinajaa, na siku hizo Nozomi haina viti vya bila kuhifadhi. Wiki ya tarehe 29 Aprili hadi 5 Mei ni hivyohivyo. Tufani huja zaidi Agosti na Septemba. Reli hutangaza mapema kwamba zitasimama na hurudisha pesa, ila haikurudishii ndege uliyokosa, ndiyo maana usiku wa mwisho uko Osaka na si Hiroshima. Anayeweza kuchagua achague Novemba.

Tiketi za Shinkansen hufunguliwa mwezi mmoja kabla, saa 10:00 ya Japani, yaani 03:00 usiku wa manane hapa kwetu. Nje ya siku nilizotaja si lazima kuamka. Pesa taslimu ya yeni itoe kwenye mashine za 7-Eleven, zinakubali Visa na Mastercard za nje. Umeme ni volti 100 na tundu ni la vijiti viwili bapa, nunua adapta kabla ya kuondoka. Usibebe nyama kavu wala soseji. Dawa za daktari zisizidi za mwezi mmoja, na zenye kodeini uulize ubalozi kwanza. Kadi ya njano ya chanjo ibaki pamoja na pasipoti: Japani hawataiuliza, watakaoiuliza ni wa Luano ukirudi.

Mpangaji wa safari,
Komini ya Kampemba, Lubumbashi