Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: wasichana wa Masasi wafundishwe kukwea majabali

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo, na pole kwa majukumu.

Yah: Ombi la kambi ya ukweaji na uongozi kwa wasichana, likizo ya Juni

Mimi ni mwalimu wa michezo, mwanamke, katika shule ya sekondari ya kata wilayani Masasi. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili lina wenyewe wengi: wazazi, makungwi, wakuu wa shule, masheikh na mapadri. Ningependa wote wasome ninachokiomba kabla hawajasimuliwa na mtu wa pembeni. Naomba ofisi yako iruhusu, na ikiwezekana isimamie, kambi ya likizo ambamo wasichana wa sekondari watafundishwa kukwea majabali kwa kamba na kuongoza wenzao wakiwa huko huko mwambani.

Anayekuja Masasi kwa njia ya Ndanda huyaona majabali kabla ya kuuona mji. Mkomaindo, Mtandi na mengine yamesimama peke yake juu ya tambarare, mwamba mtupu, kwa sababu ardhi laini iliyoyazunguka ilimomonyoka kwa mamilioni ya miaka na sehemu ngumu ndiyo ikabaki. Wakweaji wa nchi nyingine hupanda ndege kufuata mwamba wa namna hiyo. Sisi tunao nyuma ya nyumba. Wavulana wanaochunga mbuzi huyapanda tangu wadogo, pekupeku, na hakuna anayewauliza. Wasichana huishia chini, kwenye kuni. Ni mazoea tu, lakini mazoea yana nguvu: nilipopeleka ombi hili kwa mara ya kwanza katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nilijibiwa kwa mdomo kwamba wangekuwa wavulana, lingefikiriwa.

Jibu lile liliniuma kwa sababu nawajua wanawake wa Kusini. Kule Newala, kabla mradi wa maji wa Makonde haujafikisha mabomba juu uwandani, wanawake walishuka mabondeni kuteka maji na kuupanda tena ukingo ule wakiwa na mtungi kichwani. Aliyewahi kusimama Shimo la Mungu na kutazama chini kuelekea Ruvuma anajua ni mteremko gani ninaousema. Na jirani zetu wa Nachingwea, mkoani Lindi, waliishi karibu na kambi ambako FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilipounda kikosi cha wanawake mwaka 1967, kiliwafundisha wasichana wa huko mbinu za vita na namna ya kuongoza. Josina Machel alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo hoja kwamba mwili wa mwanamke hauwezi mlima siikubali, na naamini nawe huikubali. Mwanamke wa huku amepanda sana, ila amepanda akiwa amebeba mzigo wa nyumba nzima. Binti yake hajapata mtu wa kumfundisha kupanda kwa ufundi, kwa usalama, huku akipewa nafasi ya kuamua.

Niruhusu nieleze ufundi wenyewe, maana wengi wakisikia kukwea wanaona mtoto akining'inia kwa vidole. Kwa wanaoanza, mwalimu hutangulia juu kwa njia ya nyuma, anafunga nanga ya kamba katika sehemu zaidi ya moja, ili moja ikilegea nyingine ishike. Ncha moja ya kamba inashuka kwa mkweaji, inafungwa kwenye mkanda wake wa kiunoni na mapajani kwa fundo lenye umbo la tarakimu 8. Ncha ya pili inashuka kwa mwenzake aliye chini, mshika kamba, na inapita kwenye kifaa kidogo cha chuma mbele ya mkanda wake. Kila hatua anayopanda wa juu, wa chini anavuta kamba isilegee. Akiteleza, anashuka kidogo, kamba inakaza, anabaki hapo. Kinachomzuia ni msuguano wa kamba ndani ya kile kifaa. Ndiyo maana binti mwembamba wa kidato cha pili anaweza kumshika mwenzake aliyemzidi uzito. Na tofauti ikiwa kubwa, yeye mwenyewe hufungwa kwenye nanga ya chini asinyanyuliwe. Kamba hiyo si ile ya nailoni tunayofungia magunia ya korosho. Ina kiini kinachovutika ili kupokea mshtuko, na hupimwa kwa viwango vya kimataifa ambavyo vyama vya wapanda milima vimeviweka kupitia shirikisho lao, UIAA, lililoundwa mwaka 1932. Kofia ngumu huvaliwa muda wote, hata na aliyekaa chini, kwa sababu ya vijiwe vinavyodondoka.

Kabla mguu haujaacha ardhi, wawili hukaguana: fundo, kifungio cha mkanda, kifaa. Kisha wanaulizana kwa sauti. "Umenishika?" "Nimekushika." "Napanda." "Panda." Mheshimiwa, hapa ndipo moyo wangu ulipo. Msichana ambaye tangu utotoni amesifiwa kwa kunyamaza, hapa asipotoa sauti hakuna anayepanda. Akiona fundo la mwenzake limekosewa ni lazima aseme, hata kama mwenzake ni mkubwa kwake, hata kama ni mwalimu. Shuleni tunamchagua dada mkuu, tunamkabidhi daftari la wachelewaji, tunaita uongozi. Kwenye kamba, uongozi ni kuwajibika kwa uhai wa mtu anayekutegemea huku akikupa mgongo.

Katika kambi za namna hii kila siku ina kiongozi wake, na zamu huzunguka hadi yule aliyejificha nyuma siku ya kwanza. Kiongozi wa siku anaangalia hali ya hewa, anapanga saa ya kutoka, anahesabu maji, anamweka mtu makini mwisho wa msafara ili aliyechoka asiachwe. Na ana mamlaka ya kusema "turudi", wakati mwingine akiwa amebakiza hatua chache kufika kileleni na kundi zima likimnung'unikia. Jioni wenzake wanamwambia alichofanya vizuri na alipokosea, naye anasikiliza bila kukatiza. Sijui somo lolote katika mtaala wetu linalompa binti wa miaka 16 jambo hilo.

Najua swali la makungwi litakuja, kwa sababu Juni ni mwezi wao pia. Nimechezwa unyago mimi mwenyewe na siuoni kuwa adui. Ni shule yetu ya kale. Inamkusanya binti, inamtenga na kelele za nyumbani, inamkabidhi kwa mwanamke mzima amfundishe, kisha inamrudisha kwa ngoma mbele ya jamaa zake. Mpango huo ni mzuri mno kuachwa ubebe mafunzo ya mume na nyumba peke yake. Ningependa kungwi aalikwe kambini, akae na mabinti jioni, awape heshima ya mila, na siku ya mwisho wapokewe kwa vigelegele kama wapokewavyo wali. Wazazi wa Kimakua, Kiyao na Kimakonde watakielewa wanachokiona.

Kuhusu mavazi, suruali pana na mtandio uliobanwa vizuri chini ya kofia ngumu havimzuii mtu kukwea. Kule Bolivia, wanawake wa Kiaymara, ambao baadhi yao walikuwa wapishi wa kambi za wapanda milima, waliamua kupanda wenyewe wakiwa na sketi zao za asili, na mwezi Januari 2019 wakafika kilele cha Aconcagua, mlima wa Argentina wenye zaidi ya mita 6,900. Junko Tabei wa Japani, mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Everest, Mei 1975, aliambiwa na watu aliowaomba ufadhili kwamba heri akae nyumbani alee mtoto. Alikuwa na binti mdogo, na alikwenda.

Mfano ulio karibu zaidi na ombi langu upo Marekani. Tangu mwaka 1999, katika jimbo la Washington, wanasayansi na waongozaji wanawake huchukua kundi dogo la wasichana wa sekondari, bila kuwatoza ada, wakaishi nao mlimani kwenye barafu wakijifunza kukwea, sayansi na uongozi. Mpango huo baadaye ulifungua mlango pia kwa vijana ambao hawajioni kuwa wa kike wala wa kiume. Nalisema hili waziwazi kwa sababu vijana wa namna hiyo wapo na kwetu, hata kama hatuwataji, na mwalimu wa michezo huwaona mapema: ni wale wanaokimbia viwanja kwa kuogopa kuchekwa. Ninachoomba kwa ajili yao ni kidogo. Kijana kama huyo akija kambini asifukuzwe, asihojiwe mwili wake, asigeuzwe mzaha. Afundishwe fundo kama wengine.

Sitaficha hatari. Mwamba uliolowa huteleza, ndiyo maana naomba Juni, mvua zetu zikiwa zimekwisha, na tukwee asubuhi kabla jua halijaupasha. Nyuki hujenga kwenye nyufa za majabali. Kila njia ni lazima ikaguliwe kwanza na wenyeji wanaojua mizinga ilipo, na penye nyuki tuhame. Wazee waulizwe pia ni sehemu zipi za matambiko au makaburi, tusiziguse. Hospitali ya Mkomaindo ipo mjini hapahapa, na ningependa muuguzi mmoja awe nasi mwambani.

Mwalimu wa kamba ndiye tatizo kubwa. Waongozaji wa Kilimanjaro ni hodari wa kutembeza watu kwenye mwinuko mrefu, lakini njia zao za kawaida hazihitaji kukwea kwa kamba. Kenya wana uzoefu huo. Kilele cha Batian cha Mlima Kenya, mita 5,199, hakifikiki bila kamba, na chama chao cha wapanda milima kipo tangu 1949. Naomba mkoa uwadhamini walimu wanne wa kike waende kusomea huko, warudi na vyeti. Bila hao, kambi isifanyike. Sitapeleka mtoto wa mtu mwambani kwa ujasiri mtupu.

Fedha si nyingi kama inavyodhaniwa. Kamba, mikanda na kofia za kundi dogo hutunzwa na kutumika miaka kadhaa, ingawa kamba ina umri wake na ni lazima istaafishwe. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanafunzi hawakopi, lakini wahitimu wao wakifika umri wanaweza kuunda kikundi cha waongozaji, wakapokea wageni watakaokuja kukwea Mkomaindo. Leo mgeni akifika hapa na kamba yake begani, hana wa kumwongoza. Naona ni haki waongozaji wa kwanza wawe mabinti wa hapa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba mambo matatu: kibali cha maandishi kwa shule zitakazojiunga, barua ya kuwaruhusu walimu wanne kwenda mafunzoni kwa mshahara wao, na siku moja ya kukutana nawe pamoja na Afisa Elimu Mkoa, makungwi wawili na wazazi. Ukikubali, kambi ya kwanza iwe ya wasichana kumi na wawili, si zaidi, na ukipata nafasi uje uishike kamba ya mmoja wao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa michezo,
Masasi