Risala kwa mgeni rasmi, kumbukumbu ya miaka 30 ya kuzama kwa meli ya MV Bukoba kwenye Ziwa Victoria, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu mliokaa hapo mbele, ndugu zetu manusura, ndugu wafiwa, viongozi wa dini mliotuongoza kwenye dua na sala asubuhi kule makaburini Igoma, majirani na wote mliofika, tunawasalimu sana na poleni kwa jua.

Mheshimiwa, kwanza kabisa tunakushukuru kwa kuja. Tunajua ratiba yako imebana na kuna sehemu tatu walikuwa wanakusubiri leo, lakini umechagua kuja kukaa na sisi chini ya turubai hili, na hilo peke yake limetupa heshima kubwa. Karibu sana, jisikie uko nyumbani.

Historia yetu ni fupi na tutaipitia haraka. Kikundi kilianza 2014 tukiwa watu 7, wote tulikuwa tunakutana Igoma kila tarehe 21 Mei, tunasalimiana, tunalia kidogo, tunaachana mpaka mwaka mwingine. Siku moja mzee mmoja akasema sasa sisi kila mwaka tunaulizana wewe ulikuwa wapi, wewe ulikuwa wapi, kwa nini haya maneno tusiyaandike. Tukaanza na daftari, baadae tukahamia kwenye kurekodi kwa simu. Leo tupo wanachama 34, tuna katiba, tuna akaunti benki, tuna muhuri.

Mafanikio Mheshimiwa ni mengi. Tumerekodi sauti 212, za manusura, za waliopoteza ndugu, za wavuvi waliokwenda na mitumbwi, za watu wa kawaida tu waliosikia kwenye redio. Tumepanda miti, mingi imeshika. Tumefika shule za msingi kuongea na watoto ambao hata wazazi wao walikuwa wadogo wakati ule, na watoto wakatuuliza maswali mpaka kengele ikapigwa na hakuna aliyesimama. Kwa ukubwa wa kazi na udogo wa mfuko wetu tunasema bila woga kwamba kikundi hiki kimefanya jambo kubwa kwenye Kanda hii ya Ziwa na taifa zima linapaswa kulijua.

Sasa Mheshimiwa tunaomba utuvumilie hapa, maana ndipo penye kilichotufanya tukualike.

Watu wengi wanajua habari ya MV Bukoba kwa namba. Jumatatu usiku tarehe 20 Mei 1996 meli ilitoka Bukoba, ikapita bandari ya Kemondo ikapakia tena, ikaja Mwanza, na Jumanne asubuhi tarehe 21 ikapinduka watu wakiwa wanakaribia kabisa kufika. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa tunasikia zaidi ya 800, wengine wanasema karibu 1,000. Rais Mkapa, ambaye alikuwa na miezi sita tu madarakani, akatangaza siku 3 za maombolezo nchi nzima, ikaundwa tume ya Jaji Robert Kisanga, na wengine wetu wakazikwa pale Igoma bila majina.

Kwa nini hesabu haifanani mpaka leo? Kwa sababu daraja la kwanza na la pili kulikuwa na orodha, daraja la tatu hakukuwa na orodha. Mheshimiwa tunaomba hili ulishike hata ukisahau mengine yote. Mtu wa daraja la tatu alipanda na mzigo wake na tiketi yake, na hakuna karatasi iliyoandika kwamba yupo. Kwa hiyo ushahidi pekee kwamba huyu mtu alikuwemo kwenye ile meli ni yule aliyemsindikiza bandarini, au yule aliyekuwa anamsubiri huku Mwanza hakumwona. Tunapomuuliza mtu "siku ile ulikuwa wapi" sio kwamba tunapiga stori, tunaandika ile orodha ambayo haikuandikwa.

Mimi ninayesoma risala hii nilikuwa darasa la tano hapa hapa mjini na nilikuwa monita. Kazi ya monita ilikuwa kuandika ubaoni kila asubuhi, nikaandika Jumanne 21/5/1996, chini yake waliopo 61, wasiopo 4. Saa nne hivi mwalimu mwingine akaja mlangoni, wakanong'ona na mwalimu wetu, mwalimu wetu akaweka chaki chini akatoka nje hakurudi. Kesho yake wasiopo walikuwa 19, na mwalimu akaniambia nisiandike. Sisi watoto tulihesabiwa kila siku, na nilipokuja kusikia ukubwani kwamba meli ile ilikuwa na watu wasiohesabiwa nilikaa nalo hilo muda mrefu sana, na kwa kweli ndilo lililonileta kwenye kikundi hiki.

Kitu tulichokigundua kwenye kurekodi ni kwamba watu hawaanzi na meli. Wanaanza na kile mikono yao ilikuwa inafanya. Mmoja alikuwa anakanda unga, mmoja anafunga kamba ya kiatu cha mtoto, mmoja alikuwa kwenye foleni ya kupiga simu maana simu za mkononi kwa watu kama sisi hazikuwepo, mmoja alishika redio anageuza antena atafute Radio Tanzania vizuri. Miaka 30 lakini mtu anakuonyesha kabisa kwa mkono, hivi, nilikuwa nimeshika hivi.

Kuna mzee wetu mmoja, mvuvi, yupo hapa leo ila ameomba tusimnyooshee kidole. Alifika kwenye ile meli ikiwa imepinduka tumbo liko juu, akasikia watu wanagonga bati kwa ndani. Wote tunajua kilichofuata, tundu likakatwa ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikaenda chini. Ukienda kwake mpaka leo mlango haugongwi. Unasimama nje unapiga hodi kwa mdomo, wajukuu wake wamezaliwa wameikuta hivyo na ndivyo wanavyofanya hata kwa majirani.

Na kuna mama yetu wa Kemondo, ambaye siku hizi anaishi huku. Usiku ule alimsindikiza mdogo wake wa kiume bandarini, kijana alikuwa anakuja kwa shangazi yao Mwanza, kabeba ndizi, daraja la tatu. Upepo wa ziwa ulikuwa unapiga na kijana ana shati tu, dada akavua sweta lake akampa. Mwaka 2016 alipotusimulia mara ya kwanza alisema sweta la kijani, kifungo cha pili kutoka juu hakipo, pale kwenye kifungo ameziba kwa uzi mweusi kwa sababu wa kijani uliisha. Alikuja Mwanza akatembea kwenye miili siku mbili anatafuta uzi mweusi. Hakuupata. Jina la yule kijana halipo kwenye karatasi yoyote, lipo kwenye sauti ya dada yake basi.

Mheshimiwa, sauti ile hatunayo.

Mwaka 2021 simu tuliyokuwa tunarekodia ilizima na memori kadi ikafa. Tumeenda kwa mafundi wanne, wa mwisho akatuambia tusipoteze hela zetu. Zilipotea sauti 41. Tukaanza kuwarudia watu mmoja mmoja, na katika hao 41 tukakuta 9 wameshafariki. Waliobaki tulirekodi tena wale tuliowapata, mama yetu wa Kemondo akiwemo, akasimulia vizuri tu, bandari, upepo, sweta la kijani. Akamaliza. Katibu mwenzangu akamuuliza, mama na kile kifungo? Akatuangalia akasema, kifungo gani?

Yaani hapo ndipo tulipojua hatuna muda. Aliyekuwa na miaka 40 siku ile leo ana 70. Sauti 171 zilizobaki zipo kwenye simu mbili za wanachama, flashi moja, na laptopu ya kuazima ambayo mwenyewe akiihitaji anaichukua na anayo haki. Kuna mzee katuletea kaseti aliyorekodi taarifa ya habari wiki ile ya Mei 1996, tunayo kwenye bahasha, imeanza kuota ukungu na hatuna chombo cha kuichezesha bila kuikata. Tunaambiana tu jamani asiiguse mtu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaongea kwa heshima zote na tunaomba usituelewe vibaya. Wewe sio mgeni wa kwanza kuombwa haya.

Mgeni wetu wa 2017 alisimama hapo ulipokaa, akasema kompyuta ni jambo dogo, kabla ya Krismasi itakuwa imefika. Tulipiga makofi sana, akina mama wakapiga vigelegele. Tulipiga simu Desemba, tukapiga Januari, baadae namba ikawa haipatikani. Huyo mgeni alitupa pia ushuhuda wake, alikuwa wapi siku ile, alilia, tulimheshimu kwa hilo na bado tunamheshimu. Sauti yake imo kwenye zile 41.

Mgeni wa 2019 alituahidi chumba, na hakuishia kwenye maneno, tulipelekwa tukaonyeshwa. Tukachanga, tukanunua ndoo mbili za rangi, tukapaka wenyewe Jumamosi na Jumapili, kina mama wakadeki. Baada ya wiki tatu tukakuta kufuli jingine mlangoni na vitu vya watu wengine ndani. Hatukuambiwa kitu hata leo.

Mgeni wa 2023 alituomba andiko. Tukaandika. Akasema lifupishwe, tukafupisha. Akasema liwe na mchanganuo, tukaweka mchanganuo. Nakala zote tatu tunazo na muhuri wa kupokelewa upo juu yake, tumezibeba leo kama utapenda kuziona.

Hatuwasemi vibaya waliotutangulizia ahadi, kila mtu ana mambo yake na pengine kuna yaliyowazidi. Ila Mheshimiwa tukuambie ukweli kama watoto wanavyomwambia mzazi, ahadi kwetu ina gharama. Mwaka ule tulioahidiwa kompyuta tulikuwa na shilingi laki 6 kwenye akaunti tukaacha kununua hata hiyo memori kadi nyingine, tukasema ya nini na kompyuta inakuja. Tungejua haiji tungejipanga kivyetu, na wale wazee 9 sauti zao tungekuwa nazo.

Ombi letu ni moja. Tunaomba sauti hizi zipate mahali pa kukaa. Kwa maana ya chumba kimoja kinachofungwa, hata kama ni kidogo, kisichovuja, chenye umeme. Kompyuta moja. Diski mbili za nje, moja ikae kwetu na nyingine ikae kwa mtu mwingine kabisa, maana tumeshajifunza. Rekoda mbili. Na nauli ya kwenda Kemondo, Bukoba na Muleba kuwafuata wale ambao hawawezi kuja huku. Tumepiga hesabu madukani na kwa wenye nyumba, pango la mwaka likiwemo, jumla ni shilingi milioni 6. Hatuombi hela mkononi, ukipenda nunua vifaa mwenyewe utukabidhi, mlipe mwenye nyumba mwenyewe, sisi tusaini tu kwamba tumepokea.

Tunajua kuna watakaosema mbona baada ya pale kuna ajali ya kivuko cha MV Nyerere ya Septemba 2018 kule Ukara, walikufa watu 228, mbona hamuisemi. Tunaisema sana, na wenzetu wa Ukerewe tunawaalika kila mwaka na wapo leo, poleni ndugu zetu. Lakini mwaka 2018 kila mtu alikuwa na simu, picha zipo, video zipo, majina ya wengi waliokufa yaliandikwa. Ya 1996 ipo kichwani mwa watu wazima wanaozeeka, ikitoka hapo imetoka.

Mheshimiwa, kuna mzee Muleba ambaye alibeba mizigo pale Kemondo usiku ule. Mtoto wake ametupigia simu wiki iliyopita, baba ameanza kusahau majina ya wajukuu lakini usiku ule bado anausimulia mpaka rangi ya mabegi, na kuna vijana watatu wa daraja la tatu anawajua kwa majina, aliwapandisha kwa mikono yake. Hatujawahi kumrekodi. Tumekubaliana twende Jumamosi ya wiki ijayo, nauli ya watu wawili tumeshachanga, tutaenda na simu ile ile.

Kwa hiyo katika majibu yako leo hatukuombi utuambie utalifanyia kazi. Kama inawezekana tutajie tarehe. Kama haiwezekani tuambie pia hapa hapa mbele za watu kwamba haiwezekani, tutakupigia makofi yale yale na tutakusindikiza mpaka kwenye gari kwa upendo, halafu kesho tutaanza kuchanga.

Na la mwisho kabisa, baada ya chakula tunaomba dakika 10 zako. Kuna kiti tumeweka pale pembeni chini ya mwembe, hakuna kelele. Kijana wetu atakuuliza swali moja tu tunalomuuliza kila mtu, siku ile ya Jumanne ulikuwa wapi na mikono yako ilikuwa imeshika nini.

Naomba kuwasilisha.

Risala hii imesomwa kwako na katibu kwa niaba ya wanachama, leo tarehe 21 Mei 2026.